Sikio Litaulizwa: Usiku wa Gitaa na Njia Panda ya Sonatubes

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetutoa matumboni mwa mama zetu tukiwa hatujui lolote, akatupa masikio, macho na nyoyo ili tupate kushukuru. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.



Katika sanduku la maswali baada ya darsa, mmoja wetu aliandika swali bila kutaja jina lake. Anataka kujua: je, inafaa Mwislamu kulipa tiketi na kwenda kusikiliza bendi inayopiga nyimbo za asili kwa gitaa na inanga, katika ukumbi wa huku kwetu upande wa Sonatubes, ikiwa watu wamekaa vitini, hakuna anayecheza, na nyimbo zenyewe ni za milima, ng'ombe, mapenzi na kuwakumbuka waliotutoka?

Tumshukuru muulizaji kwa sababu ameuliza kwa makini. Hakuuliza habari za disko. Hakuuliza habari za klabu za usiku. Hukumu ya huko kila mmoja wetu anaijua, hata yule anayekwenda. Yeye ameuliza kuhusu mahali palipotulia, ambapo mtu anaweza kutoka akijisikia ametakaswa. Swali la namna hii linastahili jibu lake lenyewe, lisipewe jibu la swali jingine.

Aya ninayotaka tuijenge juu yake nasaha hii ni ya 36 katika Suratul Israa. Mwenyezi Mungu anatukataza tusifuate tusilokuwa na elimu nalo, kisha anatujulisha kwamba masikio, macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Angalieni mpangilio wake: sikio limetangulia. Jicho lina kope, ukitaka utalifumba. Sikio halina mlango. Kwa hiyo ulinzi wake ni miguu: ni pale unapochagua kwenda na pale unapochagua kukaa.

MUZIKI UNAOULIZIWA NI UPI?

Tusihukumu tusichokijua. Rwanda ina hazina kubwa ya nyimbo za kusikilizwa kwa utulivu, zinazoitwa gakondo. Inanga hupigwa na mtu aliyeketi, nyuzi zake zikivutwa polepole huku akisimulia habari za wafalme, mashujaa na mifugo. Vijana wa leo wameiunganisha inanga na gitaa, wakatoa muziki mwepesi usio na kelele za mashine. Wapo hata waliovuka mipaka kwa njia hiyo: kundi la The Good Ones, la akina Adrien Kazigira na Janvier Havugimana, lilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 2010, na albamu yake ya mwaka 2019 ilisambazwa hadi Marekani na Ulaya. Kazigira ni mkulima. Nyimbo zao ni za Kinyarwanda, kwa gitaa na sauti mbili zinazopokezana.

Muziki kama huo hauhitaji BK Arena yenye nafasi ya watu 10,000. Unahitaji ukumbi wa watu mia chache, mahali ambapo mwimbaji akivuta pumzi unamsikia. Na kumbi za kadiri hiyo zimezidi mjini mwetu. Kwa mwanafunzi anayeishi peke yake katika geto lake, mbali na wazazi, mwenye madeni ya chuo na mitihani miwili wiki ijayo, usiku wa namna hiyo una mvuto mkubwa. Anayesema hauna mvuto hajawahi kuwa mpweke. Basi tusimjibu muulizaji kana kwamba ni mjinga au mhuni. Ana kiu. Swali letu ni kama maji hayo yanakata kiu au yanaifunika tu.

WANACHUONI WAMESEMA NINI?

Katika Suratul Luqman aya ya 6 Mwenyezi Mungu anawalaumu wanaonunua maneno ya upuuzi ili wawapoteze watu na njia Yake. Sahaba Abdullah bin Mas'ud (R.A.) alifasiri kwamba ni uimbaji. Imam Bukhari amepokea hadithi inayowataja watu watakaojihalalishia zinaa, hariri, ulevi na ala za muziki. Kwa msingi huo, wanachuoni walio wengi wa madhehebu manne, ikiwemo madhehebu ya Imam Shafi ambayo wengi wetu wa Afrika Mashariki tumekulia, wamezikataza ala za nyuzi.

Upande wa pili pia upo, na uaminifu wa elimu unatulazimu kuutaja. Ibn Hazm wa Andalusia aliitilia dosari sanadi ya hadithi ile, na wanachuoni wa hadithi waliokuja baadaye, akiwemo Ibn Hajar, wakamjibu. Imam Ghazali katika Ihyaa alitenga mlango mzima wa usikilizaji, akapambanua kwa kumwangalia mwimbaji, ala, maneno na hali ya msikilizaji. Pamoja na hayo, ala za nyuzi zilizokuwa alama ya walevi hakuziruhusu. Katika zama zetu Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliruhusu uimbaji hata ukiwa na ala, kwa masharti mazito. Na tusisahau nyumba ya Bibi Aisha (R.A.) siku ya Idi: wasichana wawili waliimba mashairi ya Ansari kuhusu vita vya zamani vya Bu'ath, Abubakar (R.A.) akawakemea, na Mtume (S.A.W.) akamwambia awaache, kwani kila watu wana sikukuu yao na hiyo ilikuwa yetu. Nyimbo zile zilikuwa kumbukumbu za wazee wao na vita vyao, karibu kabisa na hizi anazotuuliza ndugu yetu. Lakini waimbaji walikuwa wasichana wadogo, mkononi mwao ni dufu, ni siku ya Idi na ni ndani ya nyumba.

Hata pwani yetu imeishi na suala hili. Unguja ina kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na wanachama wake walikuwa Waislamu waliokuwa wakiswali misikiti ileile waliyoswali masheikh waliowapinga. Udi na fidla vililia, na madarsa yakaendelea.

Msimamo ninaowanasihi ni huu: jambo ambalo wengi wa wanachuoni wameliharamisha, na waliolihalalisha wameliwekea masharti mengi, kuliacha ni salama zaidi kwa dini ya mtu. Anayefuata rai ya pili na aifuate kwa elimu na kwa masharti yake yote, asichague fatwa kama anavyochagua shati sokoni Kimironko. Baada ya hapo, mwenye rai ya kwanza na mwenye rai ya pili wote wawili wanabaki na maswali matatu ya sikio. Hakuna fatwa itakayoyajibu kwa niaba yao.

SWALI LA KWANZA: SIKIO LILISIKIA NINI?

Wengi husema, "Mimi nafuata sauti tu, maneno siyajali." Katika nchi nyingine labda mtu anaweza kusema hivyo. Rwanda hatuwezi.

Redio RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Haikuwavuta vijana kwa chuki iliyo wazi tangu siku ya kwanza. Iliwavuta kwa muziki waliokuwa wakiupenda na kwa watangazaji wacheshi. Sikio lilipokwisha kuzoea utamu, sumu ilipita bila kuhojiwa. Mwaka 2008 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimhukumu mwanamuziki Simon Bikindi kifungo cha miaka 15. Kilichomtia hatiani ni maneno ya kuchochea mauaji ya kimbari aliyoyatamka kwa kipaza sauti barabarani mwishoni mwa Juni 1994, na mahakama iliona pia kwamba nyimbo zake zilitumika katika kampeni ya chuki. Mwaka huohuo waliuawa wenye sanaa hiyohiyo: Cyprien Rugamba, mshairi na mtunzi, aliuawa tarehe 7 Aprili, André Sebanani, sauti ya Orchestre Impala iliyopendwa nchi nzima, naye akauawa. Wimbo ulikuwa mikononi mwa aliyechochea na mikononi mwa waliouawa. Basi nani atatuambia kwamba wimbo ni wimbo tu?

Na sisi tunaoizungumzia Sonatubes tukumbuke tunakanyaga wapi. Tarehe 11 Aprili 1994 askari wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliondoka ETO Kicukiro na kuwaacha watu zaidi ya 2,000 waliokimbilia hapo. Wengi wao walitoka kwa miguu wakielekea Uwanja wa Amahoro, wakitumaini kupata ulinzi. Walizuiwa hapa Sonatubes, wakageuzwa, wakaswagwa hadi kilima cha Nyanza ya Kicukiro, na huko wakauawa. Leo tunapita pale kwa moto au kwa basi, mmoja anaelekea mjini, mwingine uwanja wa ndege, mwingine Bugesera. Ni njia panda. Wakati ule, sauti za wale watu zilisikika. Dunia ilizisikia. Haikuzisikiliza.

Kwa hiyo muulizaji akitaka kujua kama nyimbo za bendi ile zinafaa, kazi ya kwanza ni yake: azijue maneno yake. Je, zinamkumbusha utu wa jirani, huruma, subira, mapenzi yenye staha? Au zinapamba uzinzi kwa lugha laini, zinasifia pombe kwa sauti ya upole, zinamfanya akate tamaa na rehema za Allah? Upole wa sauti si ushahidi wa usafi wa maneno. Sumu iliyotiwa asali hunywewa haraka zaidi.

SWALI LA PILI: SIKIO LILIACHA KUSIKIA NINI?

Hapa tuzungumze mambo ya saa na mfuko, maana ndipo wengi tunapoangukia.

Kigali ipo karibu na ikweta. Mwaka mzima jua letu linazama karibu na saa kumi na mbili jioni, likitangulia au likichelewa kwa dakika chache tu. Wakati wa Magharibi ni mfupi, kama saa moja na dakika kumi, kisha Isha inaingia. Sasa angalieni tangazo la tamasha: milango inafunguliwa saa kumi na mbili, bendi inapanda saa mbili. Kijana wetu anasema, "Isha nitaiswali nikirudi, wakati wake ni mrefu." Amepiga hesabu ya Isha akaisahau Magharibi! Yuko kwenye foleni, mkononi ana tiketi, anaogopa kupoteza kiti cha mbele. Adhana inapita. Tena siku hizi ataisikia kwenye simu yake mwenyewe, na kidole chake mwenyewe kitaizima. Kisha atarudi geto saa sita au saa saba za usiku, na Alfajiri inaingia kabla ya saa kumi na moja. Swala mbili zimekwenda, na ukumbi haukuwa na kosa lolote ndani yake.

Mfuko nao una hesabu yake. Tuseme tiketi ni faranga 10,000, na moto ya kwenda na kurudi ni juu yako. Kwa miaka mingi familia nyingi za nchi hii zimelipa faranga 3,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka mzima wa bima ya afya, mituweli. Kwa kiwango hicho tiketi moja ilitosha mituweli ya watu watatu na chenji ikabaki. Simwambii mtu kila burudani ni wizi. Mtume (S.A.W.) alimwambia Handhala kwamba kuna saa hii na saa ile. Namwambia tu mtoto ambaye mama yake anauza ndizi Rwamagana ili amtumie ada: kabla ya kununua, fikiri kama ungeweza kumpigia simu mama ukamweleza hiyo pesa imekwenda wapi.

Kisha kuna jambo zito kuliko pesa. Muulizaji ameashiria kwamba mtu hutoka pale akijisikia ametakaswa. Simkanushi. Gitaa likilia na watu mia tatu wakanyamaza, moyo unalainika na machozi yanaweza kutoka. Lakini jiulize: machozi yale yalikudai nini? Wimbo ulikuliza, ukakupigia makofi pamoja na wengine, ukakuacha uende zako kama ulivyokuja. Haukukuuliza kuhusu deni la mwenzako, wala kuhusu yule uliyemsema vibaya, wala kuhusu swala ya Alfajiri. Qur'ani ikikuliza, inakudai. Inakuliza kisha inakutuma kwa yatima. Hatari ya muziki mzuri kwa Mwislamu mwenye moyo mzuri ni kwamba anaweza kudhani amekwisha kulia, basi amekwisha kutubu.

Nakuomba ufanye jaribio. Usiku mmoja, baada ya Isha, zima simu, kaa kitako, msikilize msomaji mmoja wa Qur'ani kwa utulivu uleule ambao ungempa mpiga gitaa: bila kuongea, bila kufungua ujumbe, kwa saa nzima. Soma na tafsiri mbele yako. Wengi wetu hatujawahi kuipa Qur'ani saa moja ya kimya kama tunayoupa ukumbi. Tukalalamika kwamba moyo hausisimki.

SWALI LA TATU: SIKIO LILIKATAA KUMSIKIA NANI?

Swali hili si la waendao ukumbini. Ni la wasiokwenda.

Kijana mmoja wa jumuiya yetu, mwaka wa pili, mkimya, alikuwa akifika darsani mapema na kupanga mikeka. Alikwenda tamasha la namna hii. Mtu mmoja alimwona akaingia naye kwenye kundi letu la WhatsApp: picha, kisha maneno, kisha vicheko, kisha aya zilizorushwa kama mawe. Jioni ileile kijana alijitoa kwenye kundi. Ijumaa iliyofuata hakuja. Mikeka ikapangwa na mwingine, na maneno yakaisha hapo, kana kwamba tumetibu ugonjwa.

Baadaye mmoja wa ndugu zetu alimfuata hadi geto. Alikuta kijana amefiwa na kaka yake. Kaka huyo ndiye aliyemfundisha gitaa utotoni. Alikwenda ukumbini kusikia ala ya marehemu. Darsa nyingi tulizosoma pamoja zilikuwa za hukumu za mazishi, na mwenye msiba alikuwa ameketi katikati yetu. Hakuna sikio lililomsikia.

Je, msiba unaigeuza hukumu ya ala za nyuzi? Hapana. Fiqhi ni fiqhi. Lakini Mwenyezi Mungu aliyeteremsha aya ya Luqman ndiye aliyeteremsha Suratul Hujurat, na humo akatukataza kudharauliana, kupeana majina mabaya, kudhaniana vibaya, kuchunguzana na kusengenyana. Kula nyama ya ndugu yako aliyekufa ni mfano aliouweka Yeye mwenyewe kwa msengenyaji. Hauna tafsiri mbili wala khitilafu ya madhehebu. Ajabu yetu ni kwamba katika jambo lenye khitilafu tulikuwa wakali, na katika jambo lisilo na khitilafu tulikuwa wazembe!

Imam Bukhari amepokea habari ya mtu aliyekuwa akimchekesha Mtume (S.A.W.), na aliyeadhibiwa zaidi ya mara moja kwa kunywa pombe. Pombe, ndugu zangu, si gitaa. Siku moja akaletwa tena, na mmoja wa waliokuwepo akamlaani. Mtume (S.A.W.) akamkataza mlaanifu, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume Wake. Adhabu aliipata, kwa sababu sheria ni sheria. Mlango wa msikiti haukufungwa, kwa sababu yeye ni wetu.

BASI TUFANYE NINI?

Kwa muulizaji: nimekunasihi uache, na sababu zangu umezisikia. Ukiiona nasaha hii ni nzito na ukafuata rai ya wanaoruhusu, basi usiuze Magharibi wala Alfajiri, usiketi palipo na pombe, jua maneno utakayosikiliza, na usile haki ya mtu. Ukishindwa sharti moja, ujue rai uliyoifuata nayo imekukataza.

Kwa mwenye kipaji cha sauti au mkono wa ala: usidhani Uislamu umekuja kukuzika. Kuna qasida, kuna maulidi na dufu, kuna usomaji wa Qur'ani kwa sauti nzuri, ambao Mtume (S.A.W.) aliupenda hata akasimama kumsikiliza Abu Musa al-Ash'ari (R.A.). Lugha ya Kinyarwanda na ya Kiswahili zote zinasubiri watunzi wa qasida wenye elimu na usikivu.

Kwa viongozi wa jumuiya: upweke wa vijana wetu hautatibiwa kwa matangazo ya haramu yaliyobandikwa ukutani. Jumamosi usiku wanafunzi wengi wa mbali hawana pa kwenda. Fungueni mlango baada ya Isha. Pikeni chai ya tangawizi na mandazi. Msikilizeni mtu, si mumhutubie. Na anayekosa Ijumaa mbili, apigiwe simu kabla hajazungumzwa.

Kwa wenye simu: picha ya ndugu yako aliye mahali usipopapenda ni siri aliyokupa Mwenyezi Mungu ili aone utaifanyia nini. Anayemsitiri Mwislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na Akhera.

Ewe Mwenyezi Mungu, tujaalie tuwe wenye kusikia maneno na kufuata yaliyo mema zaidi. Wahurumie waliouawa katika ardhi hii bila hatia, na zifariji nyoyo za waliobaki. Mrudishe kwetu kila ndugu tuliyemkimbiza kwa ndimi zetu, na uturudishe sisi Kwako kabla masikio yetu hayajaulizwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.